Wa Tisa Amekufa

Tumu alilikuta daftari katika mfuko wa ndani wa koti, na kabla ya kulifungua alisema Bismillahi, kama mtu anayeingia nyumba asiyoijua.

Koti lilikuwa la Badawi, fundi saa wa Ndia Kuu, kijana aliyempelekea posa. Asubuhi hiyo ya Alhamisi alikuwa amepita kwa Bi Sheikha, shangazi yake Tumu, ambako Tumu hushona kila siku, akaliacha litiwe uzi bitana iliyochanika. Alitaka kulivaa kesho. Kesho, baada ya swala ya Ijumaa, mjomba wake Abdulhalim angekwenda kwa baba yake Tumu kuchukua jibu.

Tumu alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Hakupelekwa shule utotoni. Kusoma alijifunza miaka miwili iliyopita, katika masomo ya jioni ya watu wazima kule Tononoka, na kila herufi aliipata kwa jasho na dua. Kwa hiyo hakusoma kwa kupitia tu. Alilisoma kila neno kama lilivyoandikwa.

"Jumapili. Wa kwanza mzima, rangi yake nzuri. Wa nne amepauka, namhofia. Wa tano amenenepa. Nimempima kiuno, inchi ishirini na nane."

Alirudi nyuma akasoma tena. Kiuno.

"Ketty ampenda wa saba kuliko wote. Mimi wangu ni wa tisa. Leo nimekaa naye dakika kumi na mbili. Sikutaka kumwacha."

Akafunua ukurasa wa mwisho. Uliandikwa jana, na mwandiko wake ulikuwa umepinda kama wa mtu mwingine.

"Jumatano. Wa tisa amekufa. Hatukumkuta ila vipande."

Tumu alilisukuma koti kutoka mapajani, likaanguka sakafuni.

"Shangazi! Shangazi, njoo!"

Bi Sheikha alitoka jikoni na mikono myeupe kwa nazi. Yeye hakujua kusoma, basi Tumu alimsomea yote, tangu wa kwanza hadi wa kumi na mbili.

"Kumi na wawili?" aliuliza Bi Sheikha.

"Kumi na wawili. Amewatia nambari."

"Astaghfirullah. Dini imeweka wanne, yeye ana kumi na wawili! Kwa mshahara wa kukaza parafujo za saa?"

"Na mmoja amekufa, Shangazi."

"Amekufaje?"

"Vipande."

Bi Sheikha alitafuta pa kukaa, akakaa kitako juu ya mkeka. "Mimi nilisema. Mwanamume aendaye baharini kila wiki akarudi bila hata dagaa mmoja, huyo ana jambo lake."

Si yeye peke yake aliyesema hivyo. Mji wa Kale wote ulikuwa ukisema. Kwa mwaka mzima Badawi alikuwa akivuka daraja la Nyali pamoja na Mwalimu Levi, mtu wa Rabai aliyefundisha elimu ya viumbe, na wenzao wanne, mmoja wao mwuguzi aitwaye Ketty. Walijifunga mitungi ya hewa mgongoni, wakazama kwenye mwamba ulio mbele ya Mkomani. Hawakulipwa. Hawakuvua. Badawi alipoulizwa, alijibu kwamba wanayaangalia matumbawe yasiharibiwe, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mzima kwenda kulinda mawe!

"Labda ndiyo mawe yenyewe," alisema Bi Sheikha, akijaribu kumpoza.

"Jiwe hufa, Shangazi? Na hata likifa, litakuwa limekufa. Hapa ameandika amekufa. Amenenepa. Nimempima. Mwalimu wetu wa jioni alitukalisha mwezi mzima kwa jambo hilo. Jiwe limevunjika, mti umevunjika, mtu amevunjika. Badawi amesoma kuliko mimi. Hawezi kukosea kitu ninachokijua mimi."

Bi Sheikha alirudi kwenye nazi yake akitikisa kichwa.

*

Badawi alikuja baada ya alasiri. Alisimama mlangoni, mrefu, mweusi kwa jua la baharini, na macho yake yalimtafuta Tumu kabla ya salamu. Siku nyingine macho hayo yangemfanya Tumu ainamishe uso. Leo aliyakazia.

"Hodi. Masalkheri, Bi Sheikha."

"Masalkheri ya nini? Karibu, bwana wa kumi na wawili."

"Wa kumi na wawili wapi?"

"Ukae na huyu, atakuhesabia." Bi Sheikha aliingia jikoni na kushusha pazia. Kila aliponyamazisha mbuzi yake ya nazi, ilijulikana kwamba anasikiliza.

Tumu alimpa daftari. "Nisamehe nimelifungua. Sasa nisomee wewe mwenyewe. Nisomee juu ya huyo wa tano na kiuno chake."

Badawi alitazama ukurasa, akatazama uso wa Tumu, kisha akaelewa. Alianza kucheka, akaona hapachekeki, akajizuia.

"Tumu, hawa ni matumbawe."

"Matumbawe yana viuno?"

"Twayafunga kamba katikati tujue kama yamekua. Tumeyapigilia vibati vya nambari, kumi na mbili, ili kila wiki tuyakague yale yale."

"Sasa hivi umesema yamekua. Mbona katika daftari amekua? Huko ni bara na hapa ni pwani?"

Badawi alikaa kwenye kiti, akaegemeza viwiko magotini. "Umenishika vizuri. Basi nikwambie. Mwaka jana Mwalimu Levi alitutilia kipande kwenye bakuli la maji ya bahari, akatupa kioo cha kukuza. Nikaona vinywa, Tumu. Vinywa vidogo, mamia, na mikono mizuri kuliko ushanga, inakamata chakula na kukitia ndani. Anakula. Anazaa. Akichoka na joto hupauka, kama mgonjwa. Tangu siku hiyo hakuna kati yetu aliyeweza kusema limekufa. Ulimi ulikataa. Mwalimu Levi mwenyewe alicheka akasema, haya, basi na tuwape haki yao."

Pazia lilifunguka kwa ghafla.

"We kijana! Nyumba hii imejengwa kwa matumbawe, kutoka msingi mpaka darini!"

"Ndiyo, Bi Sheikha."

"Basi mimi nimelala katikati ya maiti miaka arobaini, na wewe ndiyo kwanza unaniambia?" Akashusha pazia.

Hapo Tumu alicheka. Hakutaka, lakini alicheka, na Badawi akacheka naye, na kwa muda mdogo walitazamana kama watu wawili waliokuwa wakitafutana sokoni wakakutana. Tumu alisema alhamdulillahi kimoyomoyo. Alimwona Badawi mwenye macho ya huruma, mtu anayekaa dakika kumi na mbili na kiumbe asiyeweza hata kumjua, na akafikiri kwamba mtu huyo atamtunza mke.

"Na huyo wako?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Wa tisa?"

Uso wa Badawi ulibadilika.

"Alikuwa mpana kama meza hii. Mwalimu Levi alisema ana umri wa miaka mia mbili. Juzi Jumanne wavuvi wamempiga baruti. Hutupa baruti samaki wafe, wanawaokota juu, na chini hubaki kifusi. Ni mara ya tatu mwaka huu."

"Hamuwezi kuwavizia?"

"Tukiwepo hawatokei. Hapo ndipo penye neno." Alisita, akilizungusha daftari mikononi. "Zamani tulikuwa twaenda Jumapili, wakatujua. Tukaanza kubadilisha siku. Mwalimu Levi huzitaja kwa mdomo, hakuna karatasi. Wiki hii tuliazimia Jumatano tu. Wao wakaja Jumanne. Wiki iliyopita Ijumaa, wao Alhamisi. Tumu, kuna mtu anayewaambia."

"Mmoja wenu."

"Ndivyo nilivyodhani. Jana nilimshuku Ketty mpaka nikaona haya. Dada yule huacha usingizi wake wa zamu aje azame nasi. Niliwapitia wote sita, mmoja mmoja, na mimi mwenyewe nikiwemo. Kisha nikakumbuka kwamba wanaojua si sita. Ni saba."

"Wa saba ni nani?"

Badawi aliinua macho akamtazama. Kule jikoni mbuzi ilikuwa imenyamaza.

"Wanikusudia mimi?" Tumu alisimama. "Mimi niende kwa watu wa baruti? Kwa miguu gani? Mimi nitokaye hapa hadi kwetu na buibui, sijui hata mwamba wenyewe uko wapi?"

"Sikusema umekwenda. Nauliza."

"Umekuja hapa kuniuliza, au umekuja kunihukumu? Kesho mjomba wako akija kwetu aje kuchukua jibu, au aje na askari?"

"Wewe hujaniuliza leo?" Badawi alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu. "Asubuhi nilikuwa mtu mwenye wake kumi na wawili na maiti mmoja. Nimekueleza ukaniamini. Nami nieleze. Sitaki kiapo. Niambie tu kwamba hukumwambia mtu, neno lako lanitosha."

Tumu alifungua kinywa amjibu, na hapo hapo akakumbuka kikombe cha chai.

Kilikuwa mkononi mwa kaka yake Jamaldin, Jumapili jioni, nyumbani kwao. Jamaldin alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu wa maneno matamu. "Shemeji yangu atazama lini wiki hii?" aliuliza. "Nataka nimwombee Mungu, huko chini kuna papa." Naye Tumu, kwa furaha ya kusikia neno shemeji, alisema kama Badawi alivyomwambia: Jumatano tu. Wiki iliyopita alimwuliza pia. Na ile iliyotangulia.

"Sikumwambia mtu," alisema Tumu.

Maneno yalitoka yenyewe, upesi, kama mkono unaouzuia uso usipigwe.

Badawi alishusha pumzi. "Alhamdulillahi," alisema, na mabega yake yakalegea. "Nisamehe, Tumu. Kwa haki ya Mungu, nisamehe."

Angekasirika ingekuwa afadhali. Msamaha ule alioombwa ulimwingia Tumu mahali pabaya, akashindwa kumtazama. Alisema koti litakuwa tayari asubuhi, akaaga.

*

Alipofika nyumbani, mama yake, Bi Mwanakuu, alikuwa amemwekea beseni la changu barazani kwa ndani.

"Watengeneze, mwanangu. Kaka yako ametuletea sasa hivi, bado wang'aa. Kesho tuna wageni."

Tumu alishika kisu. Alikuwa ameparua samaki tangu ana miaka saba, na mikono yake ilijua kazi hiyo bila macho. Lakini alipompasua wa kwanza, nyama ilikuwa tepetepe, haishiki kisu. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika kwa ndani, na damu imevilia pembeni mwa mfupa, ilhali ngozi ya nje haikuwa na jeraha. Mdomoni hapakuwa na tundu la ndoana. Akampasua wa pili. Akampasua wa tatu. Wote walikuwa wamevunjika ndani, wazuri nje.

Leo ilikuwa Alhamisi. Badawi na wenzake walizama jana, na leo mwamba haukuwa na wa kuulinda.

Jamaldin alitokea chumbani akijifunga kikoi, akamkuta ameshika samaki bila kumtengeneza.

"Vipi bibi harusi? Samaki amekwambia siri?"

"Ndiyo," alisema Tumu. "Amekufa kwa kishindo huyu."

Jamaldin alitazama mlango wa jikoni, kisha akachutama karibu naye. "Punguza sauti."

"Kaka, uliniambia wamwombea."

"Na mimi siwaombei wote? Wale wavuvi wana watoto, samaki ni riziki ya Mungu. Mimi situpi kitu. Mimi nanunua tu."

"Wewe unawaambia siku."

"Nani aliyeniambia mimi?"

Tumu alishusha kisu. Jamaldin aliona limempata, akalegeza sauti kama anayembembeleza mtoto.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kesho Baba ataingia kukuuliza. Msichana ajibu vipi? Hunyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kuridhia, na hata sheria yasema hivyo. Basi wewe nyamaza, Mama apige vigelegele, upate mume wako. Ukisema, utapata nini? Badawi ajue kwamba umemdanganya, na baba yako ajue kwamba mwanawe ni mwizi wa bahari. Nani atakushukuru?"

"Nimemdanganya, wewe wajuaje?"

"Mbona ametoka kwa Shangazi kwa furaha? Nimempita Ndia Kuu, anapiga mluzi."

*

Alfajiri Tumu aliswali, kisha akaongeza rakaa mbili za kumwomba Mungu amwonyeshe njia. Alikuwa ameziswali rakaa hizo siku nyingi, akiuliza kama Badawi ni mume mwema. Leo hakuuliza habari za Badawi. Alisujudu kwa muda mrefu, paji la uso mkekani, akasema, "Mola wangu, mimi nimekuwa mwongo. Usinipe kitu kwa mlango huo." Alipoinuka hakuwa ameona ndoto wala ishara. Alijua tu kwamba anaogopa.

Saa nane mchana wanaume walikuwa wamekaa sebuleni. Mjomba Abdulhalim, mtu wa ndevu nyeupe na maneno machache, alikuja na jamaa wawili. Harufu ya kahawa ilipanda ngazi. Kisha zikasikika hatua, na baba yake Tumu, Mzee Athmani, akaingia chumbani juu. Nyuma yake alikuja Jamaldin, awe shahidi. Bi Mwanakuu na Bi Sheikha walikuwa wamekaa kitandani, na Tumu kati yao, shela imefunika uso.

"Tumu, mwanangu," alisema Mzee Athmani kwa mapenzi. "Badawi ametuletea posa. Nimemchunguza, sikumwona na kosa ila kwamba hupenda mawe. Waridhia?"

Kimya. Bi Mwanakuu alitabasamu, ulimi tayari kwa vigelegele. Jamaldin, mlangoni, aliitikia kwa kichwa taratibu kumwunga mkono dada yake.

"Nauliza mara ya pili. Waridhia?"

Tumu aliinua shela.

"Nina neno, Baba."

Bi Mwanakuu alijiziba mdomo. Msichana anayesema wakati huo husema jambo moja tu, na jambo hilo ni kukataa.

"Humtaki?" aliuliza Mzee Athmani.

"Namtaka, Baba. Simtaki mwingine. Lakini usimpelekee jibu langu bila hili. Jana aliniuliza kama nimemwambia mtu siku wanazozama. Nikasema sikumwambia mtu. Nilimwambia Kaka Jamaldin, kila wiki, sikujua kwa nini anauliza. Kaka akawaambia watu wa baruti. Samaki tuliowapikia wageni ni wa baruti hiyo. Nimewapasua kwa mkono wangu, wote wamevunjika mgongo."

"Huyu ana wazimu!" Jamaldin alisema. "Baba, maneno ya samaki—"

"Sema uongo huo mbele ya sahani," alisema Bi Sheikha. "Nimemla mmoja sasa hivi, nyama tepetepe, nikadhani mama yenu amesahau kupika. Kumbe!"

Mzee Athmani alimtazama mwanawe. Alimtazama tu, mpaka Jamaldin akatazama chini, na kule kutazama chini kukawa ndiyo jibu.

"Wajua nikishuka na maneno haya," mzee alimwambia Tumu polepole, "huenda wale wakavaa viatu wakaenda zao?"

"Najua, Baba. Na waende wakijua."

Mzee Athmani alishuka. Wanawake walisikia sauti yake, ndefu, ya chini, kisha hawakusikia kitu. Hapakusikika kikombe. Baadaye mlango wa nje ulifungwa kwa upole, na Bi Mwanakuu akaanza kulia. Kahawa ilikuwa imebaki birikani, nzima.

Alasiri iliadhiniwa, watu wakaswali, na nyumba ilikaa kama nyumba yenye msiba. Tumu hakulia. Alikaa kwenye ngazi, kwenye kipande ambacho mtu aliye chini hamwoni. Ndipo aliposikia hodi.

"Karibu," alisema baba yake, kwa sauti nzito.

"Sikuja kukaa, mzee," alijibu Badawi. "Nimemfuata Jamaldin."

"Wamtaka kwa heri au kwa shari?"

"Nataka Jumapili aje nasi. Miwani ya maji nitampa yangu. Akamtazame wa tisa kwa macho yake mwenyewe. Akitoka majini atuambie majina ya wenzake, atuambie mbele yako."

"Atakuja," alisema Mzee Athmani. "Nitamleta mimi." Kisha akauliza lile ambalo Tumu aliliogopa. "Na posa yako, kijana? Ipo au haipo? Usituweke juu ya moto."

Tumu alihesabu pumzi zake mwenyewe.

"Alinidanganya jana, mzee."

"Ndiyo."

"Nilikwenda nyumbani nikalala usingizi mzuri juu ya uongo huo. Leo Mjomba aliponieleza, nilikasirika. Nikataka kusema basi, yamekwisha. Kisha nikafikiri, nani alimlazimisha aseme? Alikuwa ameshanipata. Niruhusu nimwambie neno moja, papo hapo ngazini, wewe ukiniona."

Mzee Athmani, aliyejua bintiye yuko pale, aliashiria kwa mkono. Badawi alipanda vidato viwili, akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa na furaha ya jana. Yalimtazama Tumu kama yanayopima kitu yalichokipima vibaya mara ya kwanza. Bado yalikuwa na shaka. Lakini hayakuondoka.

Aliinama karibu kidogo, akasema kwa sauti ambayo hata mzee chini hakuweza kuisikia:

"Wiki ijayo, baada ya Jumapili hii, twazama Jumanne."

Kisha akashuka, akamuaga mzee kwa heshima, akaenda zake.

Bi Mwanakuu alikuja mbio kutoka chumbani, akafuta macho kwa leso. "Amesema nini? Tumu, amekwambia nini?"

"Hilo nimepewa mimi nilitunze, Mama," alisema Tumu, akaficha uso kwenye shela.